Theluji Mlangoni kwa Mama Nzigire

Nimewaona mkiingia asubuhi hii mmejikunja ndani ya makoti, mnapuliza vidole. Mmoja wenu ameniambia pale mlangoni, "Mchungaji, viazi vyangu vyote vya bondeni vimeungua kwa baridi." Nikampa pole. Kisha nikawaza, leo watu wa Makete watanielewa nikiwasimulia habari ya baridi kuliko hii yetu.

Hapa kwetu umande ukiganda juu ya majani, jua likichomoza unayeyuka, tunaendelea na kazi. Lakini kuna nchi za kaskazini ambako theluji huanguka mpaka kukicha huoni barabara, huoni ua, hata gari lako mwenyewe hujui liko wapi. Na haiyeyuki. Inakaa. Mtu akitaka kutoka kwake, lazima aisukume.

Basi katika mji mmoja wa huko aliishi kaka mmoja wa kutoka Rungwe, tumwite Ambakisye. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mdogo wa watu wanaosali kwa Kiswahili: Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo. Ambakisye alikuwa na pikapu ya dizeli, gari lenye nguvu kwelikweli, na kila majira ya baridi yalipokaribia alilifungia mbele bamba pana la chuma, kama lile la greda mnaloliona likichonga barabara yetu ya Njombe. Anabonyeza kitufe, bamba linashuka mpaka chini. Anakanyaga mafuta, theluji inajikunja na kwenda kando.

Alikuwa mtu mwema. Naomba mlishike hilo, maana mbele ya safari mtatamani kumfanya mwovu, na mkishamfanya mwovu habari hii haitawahusu tena. Ambakisye aliwahi kanisani kabla ya wote, akasafisha uwanja ili wazee wasiteleze, ili kina mama wenye watoto wachanga wapate pa kuegesha. Hakuna aliyemtuma. Alipenda nyumba ya Mungu, na alipenda kuona watu wakiingia kwa miguu mikavu.

Sasa ikatokea Jumamosi moja theluji ikaanguka nzito isivyo kawaida. Siyo ile nyepesi inayopeperuka kama pamba, bali ile yenye maji ndani yake, ambayo ukiijaza kwenye beleshi mgongo unalia. Shughuli nyingi mjini zikasimama. Jumapili asubuhi ikaacha kuanguka, na Mchungaji wao akampigia Ambakisye simu.

"Kaka Amba, tufanyeje? Tuwaambie watu wasali nyumbani?"

"Usiwaambie hivyo, Mchungaji. Niachie mimi. Saa ya ibada ikifika, uwanja utakuwa mweupe."

Akacheka mwenyewe, maana uwanja ulikuwa mweupe tayari. "Nina maana, utaonekana lami."

Akaenda. Ndani ya gari kulikuwa na joto la kupendeza, redio inaimba nyimbo za sifa, injini inanguruma. Akashusha bamba, akaanza. Kwa theluji ile nzito hakuweza kusukuma uwanja mzima kwa mkupuo. Alichukua kipande, akakipeleka ukingoni, akarudi nyuma, akachukua kingine. Ukingo mmoja wa uwanja ulikuwa na ukuta wa kanisa. Nyuma kulikuwa na nafasi za magari ya Mchungaji, ya wazee wa kanisa na ya kwaya, na hizo alitaka zibaki wazi. Ukingo uliobaki ulikuwa wa mbele, barabarani. Basi akawa anaivusha theluji barabara na kuibwaga upande wa pili.

Wapendwa, niwaulize. Greda likipita barabarani kwetu, udongo unakwenda wapi? Linaumeza? Halimezi kitu. Linauhamisha. Kila kinachotoka mbele yangu kinakwenda kukaa mbele ya mtu.

Upande wa pili wa barabara ile palikuwa na nyumba ndogo. Aliishi humo mama mmoja wa kutoka Bukavu, Mama Nzigire, pamoja na mume wake, Mzee Bahizire. Hawakuwa washirika wa kanisa lile; wao walikuwa na parokia yao ng'ambo ya mji, lakini siku hizi hata huko hawakwenda, kwa sababu mzee alikuwa anaumwa figo. Maisha yake yalikuwa kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kurudi, kupumzika, kwenda tena. Zamu yake ilikuwa Jumamosi. Hospitali wakampigia, wakamwambia barabara hazipitiki, asije, aje Jumapili asubuhi bila kukosa.

Mgonjwa wa namna ile asiposafishwa, maji yanabaki mwilini. Yanajaa miguuni, yanapanda mpaka kifuani. Ilipofika Jumapili asubuhi Mzee Bahizire alikuwa hawezi kulala chali. Alipumua kama mtu aliyepanda mlima amebeba gunia.

Mama Nzigire akamvalisha, akamwegemeza begani, akamfikisha kwenye gari lao lililokuwa chini ya kibanda. Alikuwa ameamka mapema, akachimba kwa beleshi njia ya kutosha tairi tu, mpaka barabarani. Mama wa umri wake! Akamfunga mzee mkanda, akageuka kuangalia barabara, na hapo akaiona pikapu inakuja na mzigo. Theluji ikabwagwa mdomoni mwa njia yake. Akapiga kelele. Injini ya dizeli, redio, vioo vimefungwa; nani angemsikia? Akanyanyua mikono yote miwili, akapunga.

Ambakisye akamwona. Akafurahi. Akajisemea, hata majirani wanatambua kazi hii. Akapiga honi mbili tatu za bashasha, akainua kiganja, akarudi nyuma kuchukua mzigo mwingine.

Mkisema alikuwa na kiburi, mtakuwa mmekosea. Mtu mwenye kiburi hasalimii. Yeye alisalimu.

Ibada ikaanza. Kanisa likajaa kuliko Jumapili za jua, maana watu walikuwa wamechoka kukaa ndani. Mchungaji akamsimamisha Ambakisye mbele, akasema, "Huyu ndiye aliyetufungulia njia leo," na watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwaya ikasimama. Wakaimba, na wakaimba vizuri, niamini.

Huku nje Mama Nzigire alikuwa anachimba. Sasa mwanzoni alidhani ataimaliza. Lakini theluji iliyosukumwa si sawa na theluji iliyojiangukia yenyewe. Ikishakandamizwa ikatulia kidogo, inashikana kama zege. Beleshi likawa linaruka. Alikuwa ameshapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Wakamwambia lipo njiani, lakini njia ni mbaya na walioomba ni wengi, avumilie. Akawa anachimba kidogo, anarudi kumtazama mzee, anachimba tena. Alipoona midomo ya mzee imebadilika rangi, akaacha beleshi, akaupanda ule ukuta wa theluji kwa mikono na magoti, akateremkia barabarani, akavuka.

Mlango wa kanisa ukafunguka katikati ya wimbo. Mhudumu akamkimbilia kwa furaha. "Karibu mama, karibu sana, kaa hapa mbele."

"Sikuja kukaa, baba. Ile camion ni ya nani?"

Mnajua Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo. Gari la mizigo kwao ni camion. Mhudumu akaelewa, akamwonyesha Ambakisye. Mama akatembea mpaka kwake, theluji inamdondoka kwenye sketi, na kwaya ikanyamaza mmoja mmoja.

"Mwanangu," akasema, "nilikupungia mikono."

"Nilikuona, mama. Nikakupigia honi."

"Nilikuwa ninakuambia acha. Umetufungia. Mzee wangu yuko ndani ya gari, hapati hewa, na hospitali wanamngoja."

Ambakisye akainuka. Wale waliokuwa karibu naye wanasema uso wake ulikauka ghafla. Akatoka mbio bila koti.

Akaingia kwenye pikapu, akaipeleka mpaka pale. Na hapo akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kwa miaka yote ya kazi ile: bamba linasukuma tu, halivuti. Yeye yuko barabarani. Akishusha bamba na kukanyaga mafuta, ataisukumia theluji ndani zaidi, juu ya gari la mzee. Gari lile lenye nguvu zote lilikuwa na uwezo wa kufunga njia ile, halikuwa na uwezo wa kuifungua.

Basi wakatoka wote. Wanaume kwa suti, kina mama kwa vitenge na viatu vya ibada, wengine na mabeleshi, wengine na mabeseni ya jikoni, wengine kwa mikono mitupu. Walipoona wanachelewa, wanaume wakaleta kiti cha plastiki kutoka kanisani, wakamkalisha Mzee Bahizire, wakamwinua na kumpitisha juu ya ukuta ule, mikono kwa mikono, mpaka mlangoni mwa pikapu. Mama Nzigire akapanda, akamshika. Ambakisye akaondoa gari.

Alizima redio. Kukawa na sauti ya injini na sauti ya mzee anavyovuta pumzi. Baada ya kitambo Ambakisye akasema, "Baba, naomba unisamehe."

Mzee akakusanya hewa. Kisha akasema, "Muliimba muzuri."

"Unasemaje, baba?"

"Kwaya yenu. Nilifungua kioo kidogo nipate hewa, nikawasikia. Muliimba muzuri sana." Akavuta pumzi tena. "Ila besi zenu ni chache. Zamani nilikuwa mwalimu wa kwaya."

Hakumlaumu. Laiti angemlaumu! Ambakisye aliendesha machozi yanamtoka, akawa anayafuta kwa mkono mmoja, kwa sababu alikuwa amejiona jinsi alivyokuwa amesimama mbele anapigiwa makofi, na mtu huyu amefungiwa nyuma ya theluji ile ile waliyoipigia makofi, anasikiliza.

Mzee hakufa. Walimfikisha, madaktari wakampa hewa, wakamweka kwenye mashine, jioni akaweza kulala chali. Mungu ni mwema. Lakini mimi sikuwasimulia habari hii ili mpumue.

Theluji ilipoanguka tena, Ambakisye alifika mapema kama kawaida yake. Hakushusha bamba. Alizima injini, akavuka barabara kwa miguu, akabisha hodi kwa Mama Nzigire.

"Shikamoo, mama. Mzee ameamkaje?"

"Marahaba. Ameamka, anakunywa chai."

"Nimekuja kuuliza. Leo theluji niiweke wapi?"

Mama akatoka mlangoni, akajifunga kanga vizuri juu ya koti, akautazama uwanja wa kanisa. Akanyoosha kidole nyuma, kwenye zile nafasi za Mchungaji na wazee. "Pale. Si ni pakubwa?"

Akaipeleka pale. Ilimchukua muda mrefu zaidi, na kazi haikupendeza kama zamani. Mchungaji alipofika akakuta kilima cha theluji mahali pa gari lake. Akashusha kioo.

"Kaka Amba, vipi tena? Mimi niegeshe wapi?"

"Egesha mbali kidogo, Mchungaji, uje kwa miguu. Sisi wazee tumefanya hivyo hivyo."

"Hakukuwa na pengine pa kuiweka?"

"Palikuwepo," Ambakisye akasema. "Lakini pana watu."

Haya. Sasa niachane na theluji, nije Makete.

Sisi hapa tuna ibada nzuri. Uwanja umefagiliwa, vipaza sauti vinafanya kazi, kwaya imeshona sare. Njia yetu ya kumjia Mungu iko wazi. Mimi sisemi ni vibaya. Nauliza tu, vile vilivyokuwa njiani tumevipeleka wapi? Maji ya mvua tuliyoyachimbia mfereji yasituletee tope hapa kanisani, yanashukia shamba la nani? Nani kati yetu amewahi kuteremka akaangalia? Vipaza sauti vyetu tumevielekeza upande gani, na upande ule nani analala mgonjwa? Tukiwa na mkesha tunawaombea majirani. Tumewahi kuwauliza?

Na msidhani nazungumzia mifereji tu. Wewe baba, umefika hapa leo suti imenyooka. Nani aliipiga pasi huku mtoto analia? Wewe mama, umewahi kiti cha mbele. Sawa, Mungu akubariki. Lakini ng'ombe amekamuliwa na nani? Chakula cha mchana kiko jikoni kwa nani? Yule binti wa kazi, yule mkwe, yule bibi anayeachiwa wajukuu kila Jumapili, naye anampenda Mungu. Naye ana wimbo anaoupenda. Kila Jumapili tunamkuta mlangoni, anatupungia mkono, tunamjibu, "Tutakuombea." Na tunakuja kushukuru kwamba njia ilikuwa nyepesi.

Ilikuwa nyepesi kwa sababu uzito wake yuko nao mtu mwingine.

Nilikuwa nimepanga sasa tusimame tuombe. Hatutaomba. Kama kuna mtu umemwacha nyumbani leo ili wewe upate kuja, toka sasa hivi uende kwake. Kaa wewe na mtoto, koka wewe moto, yeye aje. Asiyeweza kutoka kwa sababu ya ugonjwa, nendeni mkakae naye. Usione aibu kuinuka. Mke wangu, naona umeshanitazama, ni mimi ninayepaswa kwenda kwa mama tuliyemwacha nyumbani, nami nakwenda.

Mzee Luvanda atakaa hapa mbele badala yangu. Ibada haijaisha, milango iko wazi, na mtakaobaki sogeeni, muache nafasi kwenye mabenchi. Wanakuja watu.