Alama Isiyovulika

Hapo zamani, wakati milango ya wafalme ingali ikifungwa kwa komeo la mti, alikuwako katika mji wa Tumbini bawabu mmoja jina lake Shaweji, fukara asiye na kanzu ya pili. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu akiagizwa neno hulitenda lilivyo, halizidishi wala halipunguzi. Chakula chake cha mchana alikipata kwa Bi Agnesi, mpimaji wa nafaka katika ghala la Sultani, mjane aliyevaa shingoni msalaba wa mpingo aliochongewa na marehemu mumewe.

Basi ikawa watu wa sokoni wananung'unika. Wenye kofia walisema mwenye msalaba anawapunja. Wenye misalaba walisema karani wa ghala, mwenye tasbihi, anawaweka juani makusudi. Sultani Mshamu akachoshwa na kelele zile, akatoka barazani akasema, "Kuanzia kesho, mtumishi yeyote wa mji huu, mkubwa kwa mdogo, asivuke mlango wangu na alama ya dini mwilini. Asiyeivua hana kazi. Nawe Shaweji, akipita hata mmoja, utalala gerezani."

"Mkubwa kwa mdogo, bwana wangu?"

"Umeziba masikio? Mimi mwenyewe ndiye mtumishi wa kwanza wa watu hawa!" Maneno hayo aliyapenda sana, maana kila akiyasema hupigiwa makofi.

Mchana Bi Agnesi akampakulia Shaweji wali na kunde. "Kula, kaka. Kesho sitakuwapo. Huu siuvui."

"Hata kwa siku moja, dada?"

"Hata kwa saa moja."

Shaweji akatafuna polepole. Gereza aliliogopa, na kunde zile alizipenda.

Kulipokucha, karani akafika, akavua kofia na kuficha tasbihi huku uso umemvimba. Bi Agnesi akasimama kando ya mlango, mkono umefunika msalaba. Ndipo Sultani aliporudi kutoka msikitini na mawaziri wake, akakuta komeo limetiwa, na Shaweji mbele yake na ndoo ya maji na jiwe la kusugulia miguu.

"Fungua, mpumbavu!"

"Naam, bwana wangu. Ila kwanza uivue."

"Nivue nini? Kofia nimeiacha, tasbihi sinayo!"

"Hiyo iliyo kwenye kipaji cha uso."

Watu wote wakaitazama sijida ya Sultani, nyeusi, iliyokomaa kwa miaka mingi ya kusujudu. Waziri mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Hii haivuliki!"

"Ndiyo maana nimekuja na jiwe. Bwana wangu ainame kidogo tu. Jiwe likishindwa, seremala yuko jirani, ana randa."

"Nitakukata kichwa!"

"Mimi mnyonge, bwana wangu. Niambie tu nimwogope nani, wewe wa jana au wewe wa leo?"

Sultani akajipapasa kipaji. "Hii nimeipata kwa kumsujudia Mola wangu tangu ujana. Imenizuia lini kuhukumu kwa haki?"

"Hayo umwambie huyu dada. Naye ana neno kama hilo, ila amechoka kusimama."

Sultani akamgeukia Bi Agnesi, naye hakuinamisha macho. Kicheko kikamwanza Sultani tumboni, kikapanda hadi akajishika mbavu. "Vaeni mlivyovaa! Lakini kibaba chako, mama, nitakuja kukipima kwa mkono wangu. Nawe karani, anayetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuhudumiwa."

"Karibu, bwana," akasema Bi Agnesi. "Kibaba changu hakina la kuficha."

Shaweji akavuta komeo. Sultani alipokuwa akipita akalivua joho lake, akamvika begani. "Na jiwe hilo umrudishie mkeo."

"Sina mke, bwana wangu. Nimeliazima kwa mkeo. Alipoisikia amri yako jana, alicheka hata akalia, kisha akanichagulia lililo kali."

Mawaziri wote wakashikwa na kikohozi. Shaweji akalikunja joho, akaketi kizingitini kungojea kunde zake, na huko Tumbini ndiko tulikomwacha.