Ncha ya Pili ya Fimbo

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali, lori lilipoweza kuzeeka likageuzwa nyumba, aliishi Marsabit mjane aitwaye Mama Darmi. Macho yake yalikuwa yakififia mwezi hadi mwezi. Daktari alimtia dawa, kisha akawaonya jamaa zake: "Yakianza kumuuma, mrudisheni siku hiyo hiyo. Huenda jicho moja likaokolewa."

Katika ukoo wao kulikuwa na ada. Mzee anayepofuka humchagua mtu mmoja, akampa ncha ya pili ya fimbo yake. Huyo ndiye humwongoza, huyo ndiye huishi naye, na neno lake ndilo huwa macho ya mzee hadi kaburini. Fimbo haina ncha tatu. Na waliotamani kuishika walikuwa watatu: Wario, mwanawe fundi, Tumme, bintiye, na Sori, mjane wa kifungua mimba wake.

Mama Darmi hakutaka kuchagua. Alitaka jambo moja tu: auone tena Mlima Kulal, alikozaliwa, kabla giza halijamfika.

Basi Wario akatwaa lori kuukuu, akalijengea nyumba mgongoni: kitanda, jiko, pipa la maji. Dirisha alilikata chini, usawa wa mto wa mama, ili aone hata akiwa amelala. Miezi minane alipiga nyundo.

"Nyumba nzuri, kaka," Tumme akamwambia, "ila mlango wa choo haufungi."

"Ukiingia, imba. Tutajua kuna mtu."

Wakateremka wote wanne kutoka Marsabit, wakaingia Chalbi, bonde la ziwa lililokufa, jeupe kwa chumvi hadi upeo wa macho. Siku ya kwanza Mama Darmi aliona. Aliona ngamia, aliona mazigazi yakielea mbali kama maji, akacheka peke yake dirishani.

Siku ya pili Wario akaona alama za magurudumu, akazifuata. Hilo ndilo kosa la mgeni wa Chalbi: gamba la chumvi likishapitwa limevunjika, na chini yake ni tope. Lori likazama. Wakachimba weee, hata likatoka. Hapo Tumme akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" Wario akamuuliza.

"Mbele yako. Nikipiga kisigino pakatoa mlio, ni pagumu, pita. Pakinyamaza, ni tope, simama."

"Dada, ni mwendo wa kutwa!"

"Basi endesha polepole, usinikanyage."

Akatembea. Chumvi ikamchana nyayo, akatembea. Damu ikatia alama juu ya weupe, akatembea, mpaka magurudumu yakakanyaga mawe meusi ya upande wa pili.

Na katika mwendo huo, ndani ya gari, maumivu yalimchoma Mama Darmi nyuma ya macho. Akaiuma kanga asilie. Alijua: akisema, watageuza. Dirishani weupe ukawa kijivu, kijivu kikawa weusi. Akanyoosha mkono amimine chai. Ikamwagika kando ya kikombe, juu ya goti la Sori.

Sori hakupiga kelele. Aliushika ule mkono, akausogeza juu ya kikombe.

"Tangu lini, Mama?"

"Sasa hivi. Ukiwaambia, watanirudisha. Nakuomba, mwanangu."

Sori akaifuta chai gotini. Kisha akasogea dirishani, akaanza: "Kushoto kuna ngamia kumi na wawili. Wa mwisho anachechemea, na mwenyewe anamtukana."

"Anamtukanaje?"

"Anamwambia anatembea kama bibi harusi asiyemtaka bwana."

Mama Darmi akacheka, huku machozi yanamtoka.

Siku ya tatu wakaupanda Kulal. Wario alipozima injini, Sori akamnong'oneza mkwewe: "Mlima umepasuka katikati, Mama, na ukungu umelala ndani ya ufa. Juu ni mierezi."

"Na lile genge jekundu la mwamba, juu ya kisima chetu?"

Kudanganya kungekuwa rahisi, lakini Sori akasema kweli: "Halipo, Mama. Limeporomoka."

Mama Darmi akavuta pumzi. "Sasa nimeuona," akasema. Kisha akawaita wanawe, akawaeleza yote.

"Ulijua!" Wario akamfokea Sori. "Siku hiyo hiyo, daktari alisema. Jicho moja, shemeji!"

"Macho yalikuwa yake, na ombi lilikuwa lake. Nilimtii. Wala sikumwonyesha kisichokuwapo."

"Ulimtii ukampofusha," akasema Tumme. "Ningeambiwa, ningeligeuza gari kwa visigino hivi hivi vinavyovuja damu. Bila visigino hivi mngekuwa topeni hadi leo."

"Na bila mikono yangu," akasema Wario, "hakuna ambaye angetoka Marsabit. Dirisha lile nililipima kwa kichwa cha Mama mwenyewe."

Mama Darmi aliwasikiliza, akizitambua pumzi zao moja moja. Mmoja alikuwa amempa njia ya kuona, naye akafuata alama za wengine hadi topeni. Mmoja alikuwa amemmwagia damu yake, naye angemrudisha kwa mapenzi asiuone mlima. Mmoja alikuwa amemtii, na huenda mwana mwema angekataa kutii. Akainua fimbo, akainyoosha mbele yake gizani.

Nyinyi mliosikiliza, msinitazame mimi. Aliyejenga, aliyetembea, au aliyenyamaza: je, nani alistahili kuwa macho ya Mama Darmi?