Kwa Nini Mdiria Husimama Hewani

Kuna wakati ndege aitwaye mdiria hakuwako. Namtaja yule mwenye madoa meusi na meupe, si yule mdogo wa buluu, ambaye ni ndege mwingine na habari zake ni nyingine. Ziwa Nyasa lilikuwako, na milima ya mashariki yake ilikuwako, ingawa haikuwa imepewa jina la Livingstone. Chini ya milima hiyo waliishi Wakisi, wanawake wakifinyanga vyungu na wanaume wakivua.

Ufukoni kule mlima unaingia majini kama ukuta. Mbele ya kijiji kimoja palikuwa na mwamba uliozama, na samaki walikusanyika juu yake. Nje ya mwamba hapakuwa na kitu. Jiwe la nanga liliteleza ubavuni likabaki linaning'inia, maana hapakuwa na kamba ya kufika chini. Kwa hiyo watu walikwenda wawili wawili. Mmoja alitupa mshipi, na mwenzake akaushika mtumbwi kwa kafi, akiuelekeza kwenye upepo na kupiga maji kwa kadiri upepo na mkondo ulivyosukuma, bila kuzidi wala kupungua. Alama zake zilikuwa nchi kavu: poromoko la maji lilipaswa kuonekana juu ya jiwe jeupe la ufukoni. Mshikaji alikaa nyuma, ili amwone mvuvi.

Mzee Katobe alivua na mwanawe, Gwakisa. Mwaka mmoja Gwakisa akashikwa na homa isiyomwachia, na upepo ukawa umeangusha migomba yao yote. Nyumba ile haikuwa na mwanamume mwingine. Mke wa Gwakisa, Sekela, alilijua kafi kuliko wanaume wengi, kwa kuwa alizoea kupeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi. Lakini mke hakuruhusiwa kumtazama baba wa mumewe wala kutamka jina lake, na baba mkwe naye hakutamka jina la mke huyo. Akimtazama, walisema, mumewe atakufa.

"Nenda naye," Gwakisa alimwambia kutoka kitandani. "Wewe kaa mbele, yeye akae nyuma. Mgongo hauna macho."

Wanawake waliokuwa wakikanda udongo ufukoni walimcheka.

"Sekela, mkweo akiumwa na nyigu utamwambia nani?"

"Nitamwambia nyigu," alijibu, akaingia mtumbwini.

Ndivyo walivyovua. Katobe hakusema na Sekela, alisema na mtumbwi. "Wewe mtumbwi, umelala? Rudi kushoto kidogo." Na siku nyingine: "Mtumbwi huu wa siku hizi hautikisiki. Yule mwanangu alikuwa akinitikisa kama ungo." Sekela alicheka kimyakimya, uso kwenye upepo, akilitazama poromoko kwa pembe ya jicho la kushoto. Nyumbani walikula, na Gwakisa akaanza kunywa mchuzi.

Kisha ukaja upepo wa kusini, ambao kule huitwa mwera. Katobe alikuwa amenasa samaki mkubwa, na akasimama ili amvute. Sekela alihisi mtumbwi ukiyumba, akasikia maji yakipasuka, na ghafla mtumbwi ukawa mwepesi.

"Sekela!"

Jina lake, kutoka kinywani mwa mkwe. Lilimwogopesha kuliko mawimbi. Mzee asingelitamka ila amekwisha kuona kifo. Hakugeuka. Nyuma yake palikuwa na baba, na nyumbani palikuwa na mume, na alikuwa ameambiwa kwamba jicho moja tu litamuua mume. Jambo aliloweza kulifanya bila kutazama lilikuwa moja: kuushika mtumbwi pale pale, mzee aukute alipouacha. Alidhani mtu akianguka majini hubaki alipoangukia.

Akaushika vizuri kuliko siku zote. Mikono ilimwaka moto. Mtumbwi haukusogea, lakini mkondo ulikuwa ukimchukua Katobe kuelekea kaskazini. Kama angeliachia kafi, mtumbwi ungelimfuata mzee wenyewe. Sauti ilipokuja mara ya pili ilikuwa mbali, na Sekela akafikiri ni yeye aliyesogea mbele. Akatazama alama. Poromoko lilikuwa juu ya jiwe jeupe. Akazidi kushika.

Hakuitwa tena.

Watu wa ufukoni waliona. Walimtoa Gwakisa nje wakimshikilia kwapani, akapiga kelele kwa sauti aliyobaki nayo: "Geuka! Mke wangu, geuka umtazame!"

Sekela akageuka. Akaona sehemu ya nyuma ya mtumbwi ikiwa tupu, na maji.

Mwera ulipopungua, mtumbwi mwingine ulimfikia. "Turudi nyumbani, dada," walimwambia.

"Nikiondoka," alisema, "akija atanikuta wapi?"

Walipomsogelea aliwainulia kafi. Walirudi kuita wazee, na walipokuja na wazee, mtumbwi ulikuwa ukielea kaskazini bila mtu. Juu ya mwamba alikuwako ndege ambaye hawakuwahi kumwona, mweupe kama udongo wa kupaka vyungu na mweusi kama masizi ya tanuri. Alikuwa akipiga mabawa mahali pamoja, uso kwenye upepo. Gwakisa alikufa kabla ya mvua za kwanza. Wengine walisema ni kwa sababu mkewe aligeuka. Wengine walisema homa ile ilikuwa imekwisha kumla siku nyingi. Hakuna aliyejua, na kujua kusingemrudisha mtu.

Na tangu siku hiyo wavuvi wa ufuko ule, mwenzao akianguka majini, kwanza huinua kafi na kuuacha mtumbwi uchukuliwe pamoja naye. Na tangu siku hiyo mdiria hafanani na ndege wengine, ambao hupita juu ya maji na kwenda zao. Yeye husimama hewani, mabawa yakihangaika, kichwa kimetulia, macho yametazama chini. Hujitupa majini na kutoka. Upepo ukimsogeza, hurudi pale pale, na pale pale hapana mtu.