Adhana Iliyosikiwa na Mji Mzima

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba palikuwa na mji uitwao Zahrani, na katika mji huo muadhini aitwaye Sheikh Muhriz, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukosa alfajiri hata moja. Ndivyo watu walivyosema, naye hakuona sababu ya kuwabishia.

Desturi ya Zahrani ilikuwa adhana mbili za alfajiri. Ya kwanza huadhiniwa giza bado nene, kuwaamsha waliolala. Ya pili huadhiniwa weupe unapochomoza, kuwaita kwenye sala. Kila mcha Mungu wa mji ule alijinasibu kuwa ni mtu wa adhana ya kwanza. Ukiwasikiliza sokoni ungedhani Zahrani nzima haina mto wala godoro.

Basi Jumatatu moja Sheikh Muhriz alialikwa kwenye karamu ya akika ya mtoto mchanga, akalishwa bokoboko lenye samli hata mshipi ukakataa kufungika. Alipogutuka Jumanne, weupe ulikuwa umekwisha kuchungulia dirishani. Adhana ya kwanza imempita! Akapanda mnara mbio, akaadhini ya pili, na kabla hajashuka akasikia mayowe huko chini. Talib, muuza nafaka, amekutwa penye birika la kutawadhia, amechomwa kisu, hana uhai.

Aliyekamatwa alikuwa Harmala, mtengeneza ngozi, mtu mwenye ulimi mchafu na kanzu chafu zaidi, ambaye juzi yake alikuwa amegombana na Talib hadharani. Mbele ya Kadhi Nuaim wakasimama mashahidi wawili wenye ndevu za heshima, Zuraiki na Haithama. Wakasema, "Tulitoka majumbani kwa adhana ya kwanza, giza totoro, tukamwona Harmala akikimbia kando ya birika."

"Mliniona, naam!" akapaza sauti Harmala. "Lakini ilikuwa baada ya adhana ya pili, nami nakimbilia mayowe kama nyinyi! Ya kwanza siku hiyo haikuadhiniwa. Mimi huloweka ngozi katika kinyesi cha njiwa, na adhana ya kwanza ndiyo huniambia: zitoe. Nilingoja, nikangoja. Ngozi kumi na mbili zimeniozea. Hamniamini? Njooni mnuse!"

Baraza likacheka, kisha likaghadhibika. Mtu mchafu kama huyu, amsingizie Sheikh Muhriz! Kadhi akauliza ni nani aliyeisikia adhana ya kwanza siku ya Jumanne, na mikono ikainuka kama mtama shambani. Hata Bibi Ghazia, mama yake Talib, aliinua wake. Muadhini mwenyewe Kadhi hakumuuliza. Aliona kuwa kumuuliza mtu kama yule iwapo aliadhini ni utovu wa adabu.

Sheikh Muhriz alikuwa safu ya mbele, ameinamia zulia, anahesabu maua yake. Moyoni akajiambia: Sikuulizwa.

Hukumu ikatoka. Kisasi, kwa upanga, uwanjani mbele ya msikiti, baada ya sala ya Ijumaa, maadamu mama wa marehemu, ambaye ndiye mwenye haki ya damu, hajasamehe.

Hilo neno la mwisho Sheikh Muhriz akalidaka kama mfa maji. Alhamisi asubuhi akaenda kwa Bibi Ghazia, akaketi kwa adabu, akasafisha koo.

"Mama Talib, kusamehe ni daraja kubwa mbele ya Mola wetu."

"Najua, Sheikh. Tangu juzi nimeambiwa na watu tisa, na wote tisa wana wao wako nyumbani wanakula." Hakuinua sauti. "Mimi si mnyama wa kufurahia shingo ya mtu. Lakini damu isipojibiwa, mwenye kisu atajua kwamba kisu ni kitu chepesi. Leo Talib, kesho mwana wa jirani. Na haki hii sikujichukulia, nimepewa na sheria. Nikiiacha, niiache kwa sababu gani?"

"Kadhi naye ni binadamu. Aweza kukosea."

"Kadhi amesimama juu ya adhana yako. Imekosea?"

Sheikh Muhriz akamwombea marehemu maghufira, akaaga.

Nyumbani alimkuta mkewe, Lubaba, anachambua dengu. Alipomsimulia, mkewe akaendelea kutupa vijiwe pembeni, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo umekwenda kumtaka mfiwa akubebee mzigo wa usingizi wako."

"Lubaba!"

"Mimi sibishani na sheria, Baba Umaima. Mama yule ana haki, na maneno yake yana uzito kuliko ya kwako. Lakini Harmala angefungwa, siku utakayopata ujasiri tungemfungulia mlango, tukamtaka radhi. Shingo ina mlango?"

"Miaka thelathini, Lubaba. Watu watasemaje?"

"Watasema ulilala." Akapuliza maganda ya dengu. "Na wao walikuwa wapi?"

Sheikh Muhriz akalikumbuka baraza. Ile mikono yote! Mtu aliyekuwa macho Jumanne ile angejua kwamba hakuna kilichoadhiniwa. Walioapa kuwa waliisikia walikuwa wanakoroma, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa tayari kukiri mbele ya mwenzake. Mji mzima ulikuwa unamuua mtu kwa kuona haya.

Usingizi ulimkimbia usiku huo. Ijumaa akaadhini, akasali, na katika hotuba hakusikia hata neno. Imamu alipotoa salamu tu, akainuka amfuate Kadhi. Lakini sifa zake zilikuwa zimemtangulia mlangoni! Kila hatua mtu alimbusu mkono. "Sheikh, tuombee!" "Sheikh, mguse mjukuu wangu!" Aliposema, "Nipisheni, nina neno na Kadhi," wakajibu, "Subhanallah, tazameni unyenyekevu wake!" na wakazidi kumzonga. Juu ya vilemba vyao alimwona Harmala amepigishwa magoti, shingo wazi. Ngoma ikalia mara ya kwanza. Ikilia ya tatu, upanga utashuka.

Akageuka. Akaukumbatia mnara kwa macho, akakimbia. Ngazi tisini, na magoti ya mzee! Ya thelathini kilemba kikamwanguka. Ya hamsini ngoma ikalia mara ya pili. Ya themanini alikuwa anapanda kwa mikono na miguu kama mtoto mchanga. Akafika juu, akashika ukingo, na sauti ile iliyouamsha mji kwa miaka thelathini ikatoka kama radi:

"Enyi watu wa Zahrani! Jumanne sikuadhini! Nilishiba bokoboko, nikalala! Harmala amesema kweli!"

Mpiga ngoma akabaki na kigongo hewani.

Kadhi Nuaim akainua uso, akatazama mnara, kisha akawageukia watu. "Mlioisikia adhana ya kwanza, inueni mikono tena."

Watu wote uwanjani wakayatazama mapindo ya kanzu zao. Zuraiki akakohoa, akasema kwamba pengine, ukifikiri vizuri, hapakuwa na giza sana. Haithama akasema yeye alimfuata Zuraiki tu.

Ndipo Bibi Ghazia akatoka mbele. "Nami nilikuwa nimelala," alisema. "Mwanangu ametoka kwenda kuuawa, mimi nimelala, na niliona haya kulisema. Ewe Kadhi, mfungueni. Damu ya Talib bado naidai. Leo nilikuwa karibu kunywa ya mtu asiyemuua."

Hukumu ikaanguka kwa shaka, na pingu zikafunguliwa. Kuhusu muuaji, wasimulizi hawakubaliani: wengine husema alikuja kukamatwa katika mji mwingine, wengine husema hajulikani hadi leo, na mama yule aliishi na swali lake kwa subira, Mola amrehemu.

Sheikh Muhriz alijiuzulu siku ile ile. Hapakuwa na aliyekubali. Na alfajiri ya Jumamosi likatokea jambo ambalo Zahrani haikuwahi kuliona: adhana ya kwanza ilipolia, msikiti ulijaa hadi nje. Kila mtu alikuwa amekesha akitega sikio, asije akaulizwa akakosa la kusema.

Ama Harmala, tangu hapo hakukosa kupita kila siku kabla ya adhana, akigonga mlango kwa ngumi na kunuka kinyesi cha njiwa. "Sheikh! Amka, ngozi zangu zinaoza!" Na Sheikh Muhriz, aliyekuwa akiitwa mwamshaji wa mji, alijibu kutoka ndani, "Allah akulipe heri, ndugu yangu, nimeamka."

Ndugu waumini, wenye kudai kisasi si wajinga, na Bibi Ghazia hakuwa mkatili. Lakini tazameni ile shingo ilikuwa imening'inia juu ya nini: bakuli la bokoboko, na haya ya watu wema. Mola atujaalie tuweze kusema "nililala" kabla ngoma haijalia mara ya tatu.