Siku Moshi Ulipokatika kwa Mama Elieza

"Moto hauombi kuni, huomba nafasi." Ndivyo alivyosema baba yenu mdogo jana kwenye kikao, mpaka babu yenu akalegea na kumruhusu dada yenu afungue ile biashara yake ya ushonaji. Nanyi nyote mkatikisa vichwa kama watu walioelewa. Hamkuelewa kitu! Nimewasikia asubuhi hii mkiulizana. Mmoja anasema ni maneno ya wazima moto, mwingine anasema ni wimbo. Wimbo! Haya, sogeeni, na wewe weka hiyo simu chini. Methali hii haikuanzia kikaoni. Ilianzia jikoni, huku kwetu milimani Upare, na kilichoileta ni moshi.

Zamani, katika kijiji cha Mteni, watu walikuwa na ugonjwa wa kuogopa jina. Mnajua tunavyotaniwa sisi Wapare nchi nzima, eti mabahili, eti tutauza ng'ombe tukaendeshe kesi ya kuku. Wengine tunacheka yanapita. Watu wa Mteni hawakucheka. Utani ule uliwachoma mpaka wakapitiliza upande wa pili. Mwanamke akipika kwa vijiti viwili, huyo ni bahili. Nyumba ambayo paa lake halifuki moshi mzito, hiyo ina njaa. Basi kila alfajiri wanawake walishindana kushindilia kuni mafigani, mbichi kwa kavu, ilimradi moshi upenye kwenye nyasi za paa na jirani auone. Macho yalikuwa mekundu kijiji kizima, na watu wakaona hiyo ndiyo fahari.

Katika kijiji hicho aliolewa binti mmoja aitwaye Nambua. Baba yake alikuwa mchoma matofali kule tambarare, kwa hiyo Nambua alikulia kando ya tanuri na moto aliujua kama nyinyi mnavyojua njia ya dukani. Mumewe Elieza alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akirudi mara moja kwa mwezi. Nambua aliishi na mama mkwe wake, Mama Elieza, pamoja na binti aliyezaa na Elieza, Nanzia, aliyekuwa na miaka miwili.

Mama Elieza hakuwa mtu mbaya, msije mkamnunia. Alikuwa mkarimu kupita kiasi, ndiyo ilikuwa shida yake. Paa lake lilifuka kuliko yote Mteni, na alipopita njiani watu walimwita Mama Moshi, naye akaitikia kwa furaha.

Ila Nanzia alikuwa anakohoa. Alianza kidogo kidogo, kisha akawa akikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Nambua alimbeba mgongoni hadi zahanati mara tatu. Mara ya tatu muuguzi alimsikiliza mtoto kifuani, akamtazama mama, akasema, "Dawa nitakupa, mama. Lakini ukimrudisha kwenye moshi ule ninaounusa kwenye nguo zako, mwezi ujao utakuja hapa unalia. Kifua cha mtoto huyu kimechoka."

Nambua alipanda mlima akiyarudia maneno yale. Jioni ile alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kwa adabu kama alivyofundwa.

"Mama, naomba nafasi kidogo jikoni," alisema. "Siku tatu tu, niuwashe moto kwa njia ya kwetu. Ni kwa ajili ya kifua cha Nanzia."

Mama Elieza alishangaa sana. "Nafasi? Mwanangu, jiko ni lako. Kama ni kuni hazitoshi, sema." Na kesho yake akamletea mizigo miwili mikubwa ya kuni, mibichi, inatoa utomvu.

Mmeona? Mtu kaomba nafasi, kapewa kuni. Nambua alishukuru, afanyeje? Lakini hakukata tamaa. Alizipasua kuni zile vipande vyembamba, unene wa kidole gumba, akazipanga nyuma ya banda la mbuzi, chini ya ukingo wa paa, mahali upepo unapita na mvua haifiki. Hakuzianika juu ya jiko kama walivyofanya wengine, maana huko cheche moja tu inatosha kuimaliza nyumba. Jirani yao, Mama Togolai, aliyekuwa na mdomo usio na kizuizi, akapita akaangua kicheko.

"Jamani! Mama Nanzia anapika au anachonga vijiti vya meno? Ubahili gani huu?"

Nambua akacheka naye, akaendelea kupasua. Miezi miwili ikapita, mama mkwe akiendelea kushindilia mafiga yake, na Nambua akimtoa Nanzia nje kila moto ulipowashwa. Ukivigonganisha vile vipande vililia kwa sauti kali, ko, ko, na kuni inayolia hivyo imekauka mpaka ndani.

Ndipo ikafika zamu ya Mama Elieza kulisha msaragambo. Nyinyi wa mjini msaragambo hamuujui. Ni kazi ya wote: kijiji kizima kinatoka na majembe kuzibua mfereji wa maji, na nyumba yenye zamu inapika makande ya watu wote. Siku hiyo walikuwa watu sitini. Mzee Kajiru, msimamizi wa mfereji, hupiga baragumu saa saba mchana, na baragumu likilia chakula kiwe tayari. Nyumba iliyoshindwa hutajwa vizazi na vizazi.

Usiku uliotangulia mvua ilinyesha. Mama Elieza alikuwa amerundika kuni zake uani, za kutosha kuchoma kijiji, na zote zililowa. Alfajiri alibandika sufuria kubwa la mahindi na maharage, akashindilia magogo mafigani mpaka chini ya sufuria pakaziba kabisa, akaanza kupuliza. Moto ukawaka kidogo, ukanywea. Akaongeza gogo. Moshi ukajaa jikoni, ukatanda uani. Akaongeza jingine. Wanawake waliokuja kusaidia wakatoka mmoja mmoja wakijifuta macho kwa kanga, Mama Togolai akiwa wa kwanza.

Ilipotimu saa tatu, maji hayajachemka. Mahindi ukiyauma unasikia jino likilia. Kule mferejini wanaume waliutazama moshi ule mweusi wakashangilia, "Leo tutakula! Mama Moshi kaamua!"

Nambua alikuwa anamenya vitunguu nje, Nanzia akicheza karibu. Upepo ukageuka, moshi ukawafunika. Mtoto akaanza kukohoa, akakohoa, kisha sauti ikakatika kabisa. Mdomo uko wazi, kifua kinapanda, pumzi haiji. Nambua alimnyakua akakimbia naye mpaka kwenye migomba, huko kwenye hewa, akimpigapiga mgongoni na kuita, "Nanzia! Nanzia, mama!" Akahesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu, nne, ndipo mtoto akavuta hewa na kulia kwa nguvu. Hakuna wimbo uliowahi kumfurahisha Nambua kama kilio kile.

Akamkabidhi mtoto kwa mmoja wa wanawake pale migombani. Akajifunga kanga kiunoni. Hofu ya kumkosea mkwe ilikuwa imemtoka yote.

Jikoni alimkuta Mama Elieza ameketi chini, macho ameyafumba, machozi yanamchuruzika, mkono mmoja unapapasa ukitafuta gogo jingine.

"Ongezeni kuni!" mama alikuwa anaita. "Mko wapi? Ongezeni kuni, jamani, nitaaibika!"

"Mama, mjukuu wako pumzi ilikatika sasa hivi," Nambua alisema.

Mkono wa mama mkwe ukasimama. "Nanzia?"

"Amerudi. Analia, msikilize. Lakini mama, safari nyingine huenda asirudi. Mwanzoni niliomba siku tatu. Leo sikuombi kuni, sikuombi kitu. Naomba nafasi."

Kilio cha mtoto kilisikika kutoka migombani. Mama Elieza aliinamisha kichwa. "Sioni, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Macho yangu hayaoni hata sufuria. Chukua. Chukua jiko."

Kitu cha kwanza alichofanya Nambua kiliwatoa watu roho. Alianza kuchomoa magogo! Moja, mbili, sita, yanafuka, anayaburuta uani na kuyafukia kwa mchanga.

"Wewe! Anazima moto!" Mama Togolai alipiga yowe mlangoni. "Jamani, msaragambo leo utalala njaa!"

"Mama Togolai, naomba unipishe hapo mlangoni," Nambua alimjibu bila kugeuka. "Umesimama kwenye njia ya upepo."

Akakokota majivu yote yaliyokuwa yamejazana, ya tangu juzi na juzi ile. Akachimba kijifereji chini ya figa la mbele, kielekee mlangoni, upepo uingilie chini. Akalaza vyuma viwili vya majembe mabovu juu ya kijifereji, kuni zisilale kwenye majivu bali zipumue. Pembeni, ambako joto la moto lilitoroka ovyo, akaziba kwa mawe na udongo, akaacha mdomo mmoja wa kulishia moto. Akafunika sufuria. Kisha akaenda nyuma ya banda la mbuzi akarudi na mzigo wa vile vijiti vya meno.

Alichukua vinne tu. Akaingiza ncha zake, ncha tu, juu ya makaa. Hakupuliza.

Kwa muda hakuna kilichotokea, Mama Togolai akaguna. Halafu moto ukavuta pumzi. Ulisikika kabisa, vuuu, kama mtu aliyeachiliwa koo. Ukasimama mwekundu chini ya sufuria, ukageuka njano safi, na moshi ule mzito ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Kadiri ncha zilivyoungua Nambua alisukuma vijiti mbele kidogo, polepole. Haikufika robo saa, kifuniko kikaanza kucheza.

"Kinachemka," Mama Elieza alisema, bado amefumba macho. "Nasikia kinachemka. Na sikohoi. Nambua, moshi umekwenda wapi?"

"Moshi ni kuni zisizopata hewa ya kuungulia, mama. Sasa zinaungua zote."

Huku jikoni raha, kule mferejini msiba. Watu walitazama bondeni wakaona paa la Mama Elieza ni jeupe, halina hata unyuzi wa moshi. Majembe yakashuka. "Moshi umekatika! Kwa Mama Moshi moto umezimika!" Wengine wakaanza kung'oa mihogo ya watu ili wachome. Mzee Kajiru aliwakemea, lakini hata yeye, saa saba ilipofika, alipiga baragumu kinyonge sana, na wakateremka kama watu wanaokwenda matangani.

Walipofika uani wakasimama. Nambua alikuwa amefunua sufuria. Makande yameiva, mahindi yamepasuka, maharage yametoa rojo, kitunguu kinanukia mpaka barabarani. Na pembeni ya jiko kulikuwa kumebaki nusu ya ule mzigo wa vijiti.

Mzee Kajiru alionja, akaonja tena. Akachungulia jikoni, akazitazama kuta, akayatazama mafiga. "Mama Elieza," alisema, "kuni zako zote zimerundikana hapa uani. Umepikia nini? Uchawi?"

Mama Elieza alisimama. Macho yake yalikuwa yameanza kufunguka, mekundu, lakini yanaona. Akamvuta Nambua, aliyekuwa sasa amembeba Nanzia, akamweka mbele ya watu wote sitini.

"Hakuna uchawi. Huyu ndiye mpishi," alisema kwa sauti ya kufika mferejini. "Miaka thelathini nimeulisha moto magogo, ukaninyima mwanga na kunipa machozi. Nilidhani unaomba kuni. Moto hauombi kuni, huomba nafasi! Na mwanangu huyu aliniomba nafasi kwa magoti, mimi nikamletea mizigo miwili ya kuni. Nusura nimpoteze mjukuu kwa ukarimu wangu."

Watu wakapiga vigelegele, na usishangae, aliyepiga cha kwanza ni Mama Togolai, huku anaomba aongezewe makande.

Juma lile lile Mama Elieza alibeba udongo wa mfinyanzi kichwani mwenyewe, wakajenga jiko la udongo lililoinuliwa mtoto asilifikie, lenye mdomo mdogo wa kuni na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Kabla ya mwaka kwisha kila nyumba Mteni ilikuwa na jiko kama hilo, na nyuma ya kila banda la mbuzi kuni zilizopasuliwa vyembamba zikikauka. Siku hizi paa linalofuka sana ndilo linalochekwa. Majirani husema, "Nendeni mkaangalie, pale kuna mtu hana nafasi."

Na Nanzia? Kikohozi kilimwisha. Alikua, akasoma, akarudi kuwa muuguzi kwenye zahanati ile ile, na mama mwenye mtoto wa kukohoa akija, kabla hajagusa dawa humuuliza kwanza habari za jiko.

Sasa mkumbukeni dada yenu jana. Miaka mitatu anasema anataka kushona. Mmoja kampa ushauri, mwingine kampa mahubiri, mwingine kampa cherehani ya pili wakati ya kwanza haijaruhusiwa kutoka sandukuni. Magogo juu ya magogo, na yeye anafuka tu chumbani. Jana babu yenu kachomoa magogo, kasema, "Haya, chukua chumba cha mbele." Mmemwona asubuhi hii alivyoamka anaimba?

Moto hauombi kuni, wanangu. Huomba nafasi.