Kipimo Mbele ya Mkwe

Pumzi ya kuambiwa haizamiwi. Mmeisikia leo kwa yule mama aliyemkatalia fundi wa umeme. Fundi kamwambia waya umekufa, shika tu. Mama kakunja mikono, kataka aone kipimo kwanza, kisha kamtupia methali hiyo. Nyinyi mkacheka, halafu mkaniuliza pumzi na waya wapi na wapi. Basi wekeni simu chini. Methali hii ilizaliwa hapahapa Tanga, na ilianza hivi.

Palikuwa na kambi ya wazamiaji nje kidogo ya mji, jengo la mabati lililotazama maji. Waliofundishwa pale hawakuwa watu wa kuelea juu juu wakitazama samaki wa mapambo. Walifundishwa kushuka mita sabini, mpaka kwenye ukuta wa mapango anamojificha silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani, kumbe yupo, ametulia gizani na mapezi yake kama viganja.

Mwanafunzi mmoja alikuwa Hafswa Rehani, mwanamke wa miaka thelathini, mwenye diploma ya uvuvi na mtoto wa miaka minne. Siku ya kwanza alidhani hewa ni hewa. Mwalimu wao, Bi Tatu Sechonge, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alimtoa tongotongo.

Hewa hii tunayovuta, aliwaambia, ukienda nayo chini sana inakulewesha kama tembo la mnazi lililolala. Mtu hucheka peke yake, husahau kutazama saa, hata huvua kinywa cha kupumulia akampa samaki. Kwa hiyo huchanganywa na heliamu, gesi ya maputo, ili akili ibaki nyeupe. Na kupanda nako si kupanda tu. Damu imekwisha kunywa gesi kama soda ilivyo ndani ya chupa. Ukipanda mbio, chupa imefunguliwa. Lazima usimame njiani, kituo baada ya kituo. Ukifika mita ishirini na moja unabadilisha mtungi, unavuta mchanganyiko ambao nusu yake ni oksijeni. Ukifika mita sita unavuta oksijeni tupu, isafishe damu.

"Na ukivuta hiyo tupu kule ishirini na moja?" Hafswa aliuliza.

"Inakuua," alisema Bi Tatu. "Oksijeni ileile. Unashikwa na degedege, kinywa kinakutoka, unameza bahari. Hakuna dalili ya kukuonya. Haina rangi, haina harufu, haina ladha."

Hafswa alirudi nyumbani siku ile akamtazama mwanawe amelala, kifua kikipanda na kushuka. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kinachomweka mtoto hai kina mpaka, na kwamba ukiuvuka kinageuka.

Sheria ya kambi ilikuwa moja, kubwa kuliko zote: kila mzamiaji aupime mtungi wake kwa mkono wake, kwa kile chombo kidogo cha kusoma oksijeni, kisha atie jina lake kwenye utepe uliobandikwa. Mitungi ya ubavuni, ile ya kupandia, yote ilikuwa na umbo moja na rangi moja. Kilichoitenga ni utepe tu. Na Bi Tatu alikuwa amesema wazi kwamba siku utakapotoka mtungi wenye utepe wa uongo, aliyeujaza atafungasha virago siku hiyohiyo.

Sasa tatizo. Aliyejaza mitungi alikuwa Mzee Shekue, na Mzee Shekue alikuwa baba mkwe wa Hafswa.

Mzee huyo alikuwa kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi, tangu enzi za wazamiaji wa bandarini. Ghala la mitungi alilipanga yeye, rafu kwa rafu. Kila mtungi aliupima mwenyewe na kuandika utepe kwa mwandiko uliolala vizuri kama wa hati ya ndoa. Na mnajua mkaza mwana alivyo mbele ya mkwe. Katika nyumba ile, baba akileta samaki akisema ni wabichi, hufunui mashavu yao kutazama. Unasema ahsante baba, unatia kisu. Hafswa angesimamaje mbele yake na chombo mkononi, kana kwamba anamwambia: sikuamini?

Hakusimama. Kwa miezi sita aliigiza. Aligeuza mgongo, akafungulia mtungi ukapiga mluzi kidogo, akashika kipimo ambacho hata hakukiwasha. Kisha akatia sahihi. Mwenzake wa kuzama naye, Jumbe Mntambo, kijana mwenye mdomo, alimwona.

"Mke wa watu, unapima au unaunong'oneza?"

"Fanya yako, Jumbe."

"Mimi yangu nimeshafanya. Mzee akiandika, nani atafuta? Mwandiko ule hata kadhi anausaini."

Ikafika wiki ya mwisho, na siku ya kushuka mita sabini ikapangwa. Atakayefaulu angeingia kwenye kikosi cha mapango. Asubuhi ya siku hiyo Hafswa alimwandalia mtoto uji, na mtoto akamshika shavu, akamwuliza atarudi saa ngapi. Akasema saa saba. Na alijua ameahidi kwa pumzi ambayo hajui ni nini.

Alifika kambini mapema, jua ndiyo kwanza linachomoza. Ghala lilikuwa wazi, Mzee Shekue amekwenda kunywa chai. Hafswa akajiambia: leo tu. Hayupo, haitakuwa utovu wa adabu. Akawasha kipimo, akakisogeza kwenye mtungi wake ulioandikwa "50, mita 21", akafungulia taratibu.

Namba zikapanda. Hamsini. Sitini. Themanini. Zikasimama kwenye tisini na nane.

Akazima, akawasha upya, akakipima kipimo chenyewe kwenye hewa ya kawaida. Kilikuwa sawa. Akarudia. Tisini na nane. Akapima ule ulioandikwa "100, mita 6". Hamsini kasoro kidogo.

Tepe zilikuwa zimebadilishana nyumba. Kwa mwandiko ule mzuri, mtungi ulimwambia: nivute mita ishirini na moja. Na angevuta.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la kupiga kelele. Lilikuwa la kumficha mzee. Bandua hii, bandika pale, nani atajua? Baba anabaki na jina lake na ghala lake, mimi nabaki na uhai wangu. Ukucha wake ulikuwa tayari umeingia chini ya utepe wa kwanza aliposikia kandambili mlangoni.

"Unanipima, mwanangu?"

Mzee Shekue alisimama na kikombe cha chai mkononi. Hakukaripia. Afadhali angekaripia.

"Nisamehe, baba," Hafswa alisema, macho chini. "Nimekukosea."

"Miezi sita nakuona ukigeuza mgongo. Nilijua hupimi. Nikafurahi, wallahi. Nikasema mwanangu kaoa mwanamke mwenye adabu." Akaweka kikombe. "Leo una nini?"

Hafswa angeweza kusema si kitu. Neno lilikuwa ulimini, tamu kabisa. Badala yake akanyoosha mkono, akampa kile chombo, akafungulia mtungi.

Mzee akavaa miwani. Akasoma namba. Akasoma utepe. Akasoma namba tena. Hafswa aliuona uso wa mkwe wake ukibadilika polepole, kama mtu anayefunuliwa sanda akamkuta aliye wake.

"Jana," alisema mwishowe. "Nilipima yote. Nikaandika tepe nne, nikazipanga pale mezani. Wakaja kuniita mazikoni kwa Mzee Kihiyo. Niliporudi nikabandika kwa kumbukumbu." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Sikupima tena. Nitajipima mimi?"

"Nabadilisha tepe, baba. Yaishe hapahapa."

Mzee alimtazama. "Na wa Jumbe?"

Hafswa hakuwa amemfikiria Jumbe. Wakaipima mitungi ya Jumbe yote miwili, mkwe ameshika kipimo, mkaza mwana amefungulia. Namba zikasema yaleyale. Waliokuwa wafe ni wawili, na mmoja wao wakati huo alikuwa nje anapiga mbinja na kukaza mikanda.

"Acha tepe zilivyo," alisema Mzee Shekue. "Beba mitungi."

Pale gatini Bi Tatu alikuwa na orodha yake. Boti ya faiba ilikuwa inanguruma, Jumbe amekwisha vaa nusu. Mzee Shekue, ambaye kwa kawaida hakutoka ghalani, alitembea juani mpaka mbele yao.

"Mwalimu, usiulize kama imepimwa. Nitasema mimi. Mitungi hii minne ina uongo, na uongo ni wangu. Nimeuandika kwa mkono huu."

Jumbe akanyanyuka nusu, akakaa. "Mzee, unatania."

"Pima."

Jumbe akapima. Akazisoma namba mara mbili. Akatazama bahari, ilivyotulia na kumeremeta, kisha akatazama viganja vyake kana kwamba amepewa sasa hivi.

"Huyu kanifumania," mzee aliendelea, akimwonyesha Hafswa. "Angeweza kunisitiri, na mwenziwe angezama na mauti ubavuni. Mimi niliona kutopimwa ni heshima. Si heshima. Ni kunibebesha roho za watu bila kuniuliza kama mgongo wangu unaweza. Kuanzia leo, atakayechukua mtungi wangu bila kuupima mbele ya macho yangu, huyo ndiye aliyenitukana. Mkwe, mkaza mwana, mwalimu, yeyote. Chini kule hakuna baba. Pumzi ya kuambiwa haizamiwi." Akavua kamba ya funguo za ghala shingoni, akamnyooshea Bi Tatu. "Sheria uliiweka mwenyewe."

Bi Tatu hakuzipokea.

"Nikikufukuza kwa kusema," alisema, "atakayekuja ataficha. Vaa funguo zako. Tena na mimi nina langu. Miezi sita nimetazama migongo yenu nikahesabu ni kupima." Akageukia wanafunzi. "Pimeni upya, yote. Andikeni wenyewe. Nitasimama hapa nione namba, si migongo."

Saa nne walishuka.

Hafswa aliniambia, na alikuwa mtu asiyepamba maneno, kwamba hana lugha ya kile alichokiona. Nuru ya jua ilikonda mpaka ikawa buluu, na buluu ikakonda mpaka ikawa kitu kisicho na jina. Ukuta wa mwamba ulishuka pembeni yao na kuendelea kushuka, umejaa matundu meusi, hauna mwisho. Mita sabini. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama asubuhi. Akamulika tundu moja, na ndani macho mawili yakarudisha mwanga.

Samaki hakukimbia. Alikuwa mkubwa kama mtu aliyelala, mwenye madoa meupe kama chokaa, akichezesha mapezi yake moja moja, bila haraka, kama anayepapasa ukuta wa nyumba yake. Alikuwapo hapo kabla ya Tanga, kabla ya jina la bahari. Hafswa alijiona mdogo, na udogo ule haukumuuma. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka, na akajua kila kilichomo ndani yake, kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile, kwa kuwa alikisoma kwa macho yake.

Wakaanza kupanda, kituo baada ya kituo. Walipofika mita ishirini na moja wakakabiliana, yeye na Jumbe, kama walivyofundishwa. Jumbe alimwonyesha utepe wake. Ulikuwa na mwandiko wa ovyo, wa mkono wake mwenyewe: 50, mita 21, Jumbe. Hafswa akamwonyesha wake. Wakaitikia kwa vichwa, wakabadilisha vinywa vya kupumulia.

Hafswa akavuta. Akasubiri. Akavuta tena.

Mapovu yakapanda. Kidole hakikutetemeka. Samaki wadogo wa manjano wakapita katikati yao. Hapakutokea kitu, na kutotokea kitu huko kulimjaza Hafswa mpaka machozi yakaingia ndani ya miwani ya maji, naye hakuweza kuyafuta. Mahali palepale, dakika ileile, kwa utepe wa jana, angekuwa anazama peke yake huku macho yamepinduka. Kilichotenga mambo hayo mawili kilikuwa namba aliyoona haya kuisoma.

Saa saba kasoro walikuwa juu. Mzee Shekue alikuwa amesimama palepale gatini walipomwacha, kofia imelowa jasho.

"Vipi?" aliuliza.

"Ilikuwa hamsini, baba."

"Najua. Nilikuona ukipima."

Tangu hapo, aliyeingia ghala lile alikabidhiwa kipimo kwanza, mtungi baadaye, na mzee alisimama akitazama kama mtu anayetazama watoto wake wakila. Jumbe ndiye aliyelichukua lile neno akalipeleka mjini, kwa mdomo ule wake. Likaingia kwa mafundi, likaingia hospitalini, likaingia kwa wazazi wanaoletewa habari za mchumba. Na aliyeambiwa neno hilo hapaswi kununa, kwa sababu wa kwanza kulisema alilisema juu ya mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo yule mama wa leo hakumtukana fundi. Alitaka warudi nyumbani wote wawili. Pumzi ya kuambiwa haizamiwi.