Bangili za Kipa Mkono

Hapo zamani, Jumatano ya tarehe tisa Rajabu, saa nne asubuhi, Mwanatumu binti Omari wa Pangani alijua kwamba mumewe alimpenda. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na mmoja. Na siku hiyo mume alikuwa kitandani, kiharusi kimemfunga ulimi.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Mwanatumu alichumbiwa na binamu yake, Badi. Siku tatu kabla ya harusi Badi akatorokea Mombasa. Mchele umeshapetwa, wageni wameshafika. Baba wa binti, kwa kuogopa fedheha, akamwendea Mfaume, mtu wa Tabora, msimamizi wa shamba la mkonge, mtu wa swala tano na maneno machache. Mfaume alikuwa amemposa binti huyo mwaka uliotangulia, akakataliwa. Sasa akaitwa. Akaja, wala hakuuliza neno.

Kwa watu wa Pangani bwana harusi hamshiki mkewe mkono bure. Humpa zawadi yeye mwenyewe, nayo huitwa kipa mkono. Asipoitoa, mwanamke hufundwa asimfungulie moyo. Mfaume, mgeni, hakujua hutolewaje. Akamuuliza Bi Kidawa, somo aliyemfunda bibi harusi. Bi Kidawa akamwambia kwamba huku zawadi hupitia kwa somo. Mfaume akampa bangili mbili za fedha.

Lakini Bi Kidawa alikuwa mama mdogo wa Badi. Alitumaini kijana atarudi, na ndoa ambayo haijashika itavunjika bila kelele. Akazifunga bangili kwenye pindo la kanga. Kwa bwana akasema, "Amezipokea. Mpe muda, atazivaa siku moyo wake ukiridhika." Kwa bibi akasema, "Mwanangu, hakuleta kitu. Amekuokota kama nazi iliyoanguka. Mpikie, mheshimu, lakini usimchekee mpaka alete haki yako."

Mfaume akangoja kuziona bangili. Mwanatumu akangoja kuletewa. Mume akanyamaza, mke akanyamaza, somo akanyamaza.

Wakafikia kusemeshana kwa kinywa cha paka. "Wee paka, mwambie bwana chai inapoa." Na Mfaume, bila kuinua macho, "Paka, mwambie bibi nashukuru." Majirani walicheka. Wenyewe hawakucheka.

Mwaka wa saba Mwanatumu aliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Mfaume akaushika, akaupaka asali taratibu. Kisha akauliza, "Bibi, mkono huu utakuwa mtupu mpaka lini?"

Mwanatumu akaona anasimangwa. Akajibu, "Muulize aliyeuacha mtupu."

Mfaume akadhani anayetajwa ni Badi. Akainamisha kichwa, hakuuliza tena.

Na Badi alikwisha kuoa hukohuko Mombasa. Bi Kidawa alizipata habari hizo mwaka wa pili wa ndoa ile. Angeweza kusema. Akaona haya. Mwaka wa tatu akaona haya zaidi, kwa kuwa hakusema mwaka wa pili. Aibu aliyoizaa mwenyewe akailea mpaka ikaota mvi.

Ndipo Jumatano ile alipokuja kumtazama mgonjwa na kumwomba radhi, kama waombavyo watu wanaoagana. Akapiga magoti, akafungua pindo, akaeleza yote. Mwanatumu alikuwa amesimama na bakuli la uji. Akamwona mumewe anautazama mkono wake, machozi yakimshuka. Akaweka bakuli chini. Akazivaa bangili, akampa mkono, na Mfaume akaushika kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu.

"Bwana wangu, niwie radhi," alisema.

Midomo ya Mfaume ilitikisika, neno halikutoka. Kabla ya adhana ya adhuhuri akafariki. Mwanatumu akazivua bangili, maana mjane aliye katika eda hajipambi. Alizivaa kwa saa moja na nusu.

Siku ya hitima, wanawake wakiwa mkekani, Bi Kidawa alikiri mbele yao wote. Lakini akaongeza, "Mimi nilificha bangili, mwanangu. Nyinyi mlifichana wenyewe miaka kumi na mmoja, ndani ya mlango mmoja."

Mwanatumu hakuinua uso. "Somo, ulinifunda kunyamaza, nikanyamaza. Nilikuamini kuliko mama yangu. Lakini yule aliniuliza. Alipokuwa na ulimi nilimjibu kwa kiburi, na nilipomwomba radhi hakuwa na ulimi tena."

Jirani mmoja akanong'ona kwamba hata marehemu hakutenda vyema. Kila Ijumaa aliswali bega kwa bega na wanaume wa Pangani, wala hakumuuliza hata mmoja, "Kipa mkono kwenu hutolewaje?" Mwanatumu akamzuia. Maiti hasemwi, alisema. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na mle chumbani hakuna aliyeyakanusha.

Je, nyinyi mnaosikiliza: somo aliyeficha, mke aliyejibu vile, na mume asiyeuliza mara ya pili, ni nani aliyestahili kuibeba aibu hii? Na mkono ule ulioshikwa ulikuwa radhi, au ulikuwa kuagana tu?

Jibuni polepole, kwani mmoja wao yuko kaburini. Mwenyezi Mungu amrehemu Mfaume bin Kasimu, ampanulie kaburi lake, na huko alikokwenda amfungulie ulimi. Amina.